Bendi Ambayo Ataa Okpoti Hakuisikia

Wasikilizaji wapendwa, karibuni tena. Mko nami, Amerley Kpakpo, katika saa yetu ya kuwakumbuka waliotutoka. Kama uko jikoni, punguza moto kidogo. Kama uko dukani, mwambie mteja avute kiti. Leo tunamkumbuka mtu ambaye karibu kila nyumba hapa Teshie imewahi kumwita, kama si kwa harusi, basi kwa msiba.

Tunamkumbuka Ataa Okpoti Laweh. Mwalimu wa bendi. Tutamzika Jumamosi hii.

Nianze na langu mwenyewe, maana nisipolisema mimi, kuna watu watapiga simu hapa waliseme wao. Nilipokuwa mtoto wa shule, Ataa Okpoti alinipa klarineti. Baada ya muda akaninyang'anya, akanipa matoazi. Haukupita muda, akaninyang'anya na matoazi. Nikamuuliza, "Ataa, sasa mimi nipige nini?" Akanitazama kwa huruma kabisa. "Amerley, mwanangu," akasema, "mdomo wako Mungu aliuumba kwa ajili ya kusema. Tusimwingilie kazi yake." Bendi nzima ikaangua kicheko. Nililia njia nzima mpaka nyumbani. Leo nakula kwa mdomo huohuo, na mama yangu alipofariki, ni Ataa Okpoti aliyetangulia mbele ya jeneza na tromboni yake, jua la saa sita likimchoma utosini, na hakukubali hata maji mpaka tulipofika makaburini.

Huyo ndiye mtu ninayewasimulia.

Alizaliwa hapahapa Teshie. Mama yake alikuwa mpika kenkey. Sasa, wafunga kenkey mnawajua. Wanakaa wamezunguka sufuria, mikono haitulii, donge la unga wa mahindi uliochachuka linaingia kwenye ganda la hindi, linazungushwa, linafungwa, linatupwa, lingine. Mama huyu alikuwa na kiwimbo chake cha kufungia. Hakikuwa na maneno. Ni kuguna tu, puani. Kinaanza chini, kinapanda, kinapanda tena, halafu kinateremka na ganda linafungwa. Ataa Okpoti aliniambia kwamba kabla hajajua jina lake mwenyewe alikuwa anakijua kiwimbo hicho.

Akakua. Akaingia bendi ya polisi. Akapiga tromboni huko mpaka nywele zikaanza kuota mvi, kisha akastaafu, akarudi nyumbani. Hakukaa hata msimu mmoja. Madam Odoley, mwalimu mkuu wa ile shule ambayo jina lake refu linajulikana serikalini tu, sisi tunaiita Nyuma ya Soko, alimfuata akamwomba awafundishe watoto. Akamwonyesha ala zenyewe zilizokuwa stoo. Tarumbeta zimebonyea. Ngoma kubwa imekaliwa na kuku. Ataa akamfukuza kuku, akaigonga ngoma mara moja, akasikiliza. "Huyu kuku ameitunza vizuri," akasema. "Naanza Jumatatu."

Akaanza Jumatatu. Na hakuacha tena mpaka alipokufa.

Lakini wasikilizaji, siwezi kumsimulia Ataa Okpoti bila kumsimulia mkewe. Mkewe ni Awo Korkoi. Na Awo Korkoi ni binti wa nyumba ya kuhani, nyumba inayopanda mtama wa mji. Mnajua maana yake. Mtama ule ukishaingia ardhini, mji unanyamaza. Mwezi mzima hakuna ngoma, hakuna tarumbeta, hakuna spika barabarani. Makanisani watu wanapiga makofi kwa ncha za vidole. Hata misiba inangoja. Tunauachia mtama uote kwa utulivu, na sikukuu ikifika tunakula tukashiba na kuicheka njaa.

Sasa piga picha. Mpiga tromboni amemuoa binti wa nyumba inayonyamazisha ngoma! Siku ya harusi yao watu walicheka mpaka vitambaa vya vichwani vikafunguka. Shemeji mmoja akauliza, "Okpoti, kwani wanawake walikwisha?" Na yeye alikuwa na jibu, jibu hilohilo alilolitoa miaka yote. "Mwaka una miezi kumi na miwili. Kumi na mmoja ni yangu. Mmoja ni wa mke wangu."

Hakuwahi kuuvunja. Nataka mlishike hilo. Katika maisha yao yote ya ndoa, mwezi wa mtama ukiingia, Ataa Okpoti alikuwa anaipangusa tromboni yake, anaifunika kwa kitambaa, anaisukuma mvunguni. Hata kupiga mluzi alikuwa hapigi.

Sasa tuje mwaka huu.

Mwaka huu mashindano ya bendi za shule yalipangwa Koforidua. Miaka mingine hufanyika baada ya sikukuu yetu. Safari hii tarehe iliangukia katikati ya mwezi wa kunyamaza. Koforidua si kwetu. Mtama wetu hauwahusu, na wala siwalaumu.

Na mwaka huu bendi ya Nyuma ya Soko ilikuwa mpya. Wale wakubwa walikuwa wamemaliza shule. Hawa waliobaki walikuwa wanajua kupanda na kushuka ngazi za noti, basi. Nahodha wao ni msichana anaitwa Dzagble, mpiga ngoma kubwa, mtoto mwenye sauti ya mama muuza samaki na moyo wa namna hiyohiyo. Tarumbeta ya kwanza ni Martei, ambaye anajua sana na anajua kwamba anajua.

Kwa ajili ya watoto hawa, Ataa Okpoti aliandika kitu ambacho hakuwahi kukiandika. Alikichukua kile kiwimbo cha mama yake cha kufungia kenkey, akakigawa, hiki kwa tarumbeta, hiki kwa tromboni, hiki kwa ngoma. Akawapa karatasi siku ya Ijumaa. Jumatatu mji ukanyamazishwa.

Nasema tena, maana hapa ndipo penyewe. Watoto walipewa wimbo Ijumaa. Jumatatu mji ukanyamaza. Hawakuwahi kuupiga pamoja hata mara moja.

Na Ataa alikuwa mgonjwa. Alikuwa akiumwa moyo, na kifua kilikuwa kimejaa. Binti yake Tsotsoo ni muuguzi. Aliniambia hivi: "Nilimwambia, baba, hiki kifua si cha kusimama mbele ya watoto. Lala. Akaniambia, nitalala nikishawasikia. Nikamwambia, kuwasikia nini, baba, mji umefungwa! Akasema, nataka niwasikie mara moja tu. Nimesikiliza bendi za kila mtu maisha yangu yote. Hii ndiyo yangu na mama yangu. Mara moja tu, Tsotsoo."

Basi alitaka hicho tu. Hakulitaka kombe. Alitaka kuisikia, mara moja.

Awo Korkoi alikusanya vipande vyote vya kupulizia, vile vya mdomoni, vya kila tarumbeta na kila tromboni. Akavitia kwenye mfuko wa kitambaa, akaufunga fundo, akauweka chumbani kwake. Vijiti vya ngoma navyo akavichukua. Si kwamba hakuwaamini. Watoto ni watoto. Na mazoezi yakaendelea hivyohivyo.

Nilikwenda kuwaona. Nilibeba na kinasa sauti changu, mjinga mimi. Nilikuta darasa zima limesimama, ala mikononi, mashavu yamejaa, vidole vinabonyeza, tromboni zinavutwa na kurudishwa, na hakuna sauti. Wapiga ngoma wanapiga gunia lililojazwa maganda ya mahindi, kwa viganja. Ataa amesimama mbele, mikono hewani, jasho linamtoka, anawaongoza. Kila mtoto anauimba wimbo kichwani mwake na kumtazama yeye mikono.

Mama mmoja muuza nyanya akachungulia dirishani. "Ataa, hawa watoto wamepatwa na nini?"

"Wanapiga bendi."

"Bendi ya mizimu?"

"Mizimu ina nidhamu," akasema Ataa bila kugeuka. "Isingechelewa kuvuta pumzi kama Martei. Martei! Nimekuona. Umeingia baada ya wenzio."

"Ataa, umejuaje? Sijatoa hata sauti!"

"Mabega, mwanangu. Mabega yako yana mdomo kuliko wewe. Tena kutoka mwanzo."

Wakaanza tena kutoka mwanzo. Na kila walipofika pale wimbo unapopanda mara ya pili, pale mzee anapotakiwa kuinua mikono yote miwili juu, kifua kilikuwa kinamshika. Anakohoa. Mkono wa kushoto unashuka kutafuta meza, wa kulia unabaki hewani. Watoto wanasubiri, pumzi wameibana, macho kwenye ule mkono. Kikohozi kikiisha, mkono unashuka, wanaendelea. Nilikaa saa nzima. Niliporudi studio nikafungua kinasa sauti changu, nilikuwa nimerekodi vidole, nyayo za viatu, na mzee akikohoa.

Madam Odoley alikuwa na mpango. Huyu mwanamke simsifu ovyo, lakini hapa namsifu. Alisema, "Sheria ni ya mji wetu, haifiki Aburi. Nitatafuta basi. Jumamosi tunapanda mlimani, watoto wanapiga huko mpaka ndege wahame, Ataa anawasikia, tunarudi." Basi likapatikana. Watoto wakahesabu siku. Awo Korkoi mwenyewe akasema ataupeleka ule mfuko kwa mkono wake na kuufungulia hukohuko juu.

Jumatano, Ataa Okpoti hakuamka kitandani.

Sasa haya nimeambiwa na Dzagble, na Awo Korkoi ameniruhusu niyaseme. Nilimuuliza mara mbili. Amesema, "Sema. Watu wajue."

Jumatano ile mchana watoto walikwenda nyumbani kwa mwalimu wao. Bendi nzima. Wamezifunika ala kwa mashuka. Awo Korkoi akawakuta wamejazana uani. Dzagble akapiga magoti.

"Awo, tunaomba mfuko."

"Mfuko wa nini?"

"Awo, unajua. Tupige mara moja tu. Polepole. Tutaziba tarumbeta kwa nguo. Hata paka wako hatasikia."

"Jumamosi mnakwenda Aburi."

"Na kama Jumamosi hawezi kwenda?"

 Dzagble anasema alimwona Awo Korkoi anatazama mlango wa chumbani, halafu anatazama chini. Kisha akasema, "Mwanangu, nyumba yetu ndiyo iliyoupanda ule mtama. Kwa mkono wa kaka yangu. Nikifungua mfuko mimi, kesho nani ataambiwa anyamaze akatii? Inuka. Usinipigie magoti, unanivunja."

"Awo, ni mume wako."

"Kwani mimi nimesahau ni mume wa nani?"

Ndipo sauti ikatoka ndani. Ndogo, lakini wote waliisikia. "Korkoi. Unagombana na bendi yangu?"

"Wamekuja kukusalimia."

"Waambie waingie. Na ala zao. Na usiwape huo mfuko."

Wakaingia, waliotosha chumbani wakatosha, wengine wakasimama mlangoni na dirishani. Na wakampigia mwalimu wao wimbo wake, bila sauti. Dzagble alipiga mto. Ataa aliongoza akiwa amelala, kwa mkono mmoja. Wimbo ulipopanda mara ya pili, kifua kikamshika kama kawaida. Akakohoa sana. Wakasubiri. Mkono ukashuka. Wakamaliza.

Akasema, "Vizuri. Martei leo umewahi." Halafu akasema, "Basi, Jumamosi."

Ijumaa asubuhi, jua halijapanda vizuri, Ataa Okpoti Laweh alifariki dunia. Tsotsoo alikuwa amemshika mkono. Mkewe alikuwa pembeni yake.

Na mji ulikuwa bado umenyamaza. Hakuna kupiga ukunga. Wasikilizaji, nyie mnajua kilio cha mwanamke wa Teshie aliyefiwa na mume. Kinavuka barabara tatu. Awo Korkoi aliingiza ncha ya kitambaa chake mdomoni, akakiuma, akakaa sakafuni, mabega yanaruka. Jirani wa ukuta mmoja hakujua mpaka alipoona watu wanaingia. Mtu aliyekuwa anawatoa wafu wa mji huu kwa tromboni na ngoma, nyumba yake ilimlilia kwa kitambaa mdomoni. Mimi niliona hilo kwa macho yangu, na liliniuma, na linaniuma hadi sasa.

Basi la Aburi halikuondoka. Nani angepanda?

Madam Odoley alitaka kuitoa shule kwenye mashindano. Watoto wakakataa. Akataka kuwaletea mwalimu wa kuazima awaongoze. Wakakataa pia. Dzagble alimwambia, "Madam, nitahesabu mimi kwa ngoma. Mbele pale pasikae mtu." Asubuhi ya safari Awo Korkoi alikuja kituoni na mavazi yake meusi, akampa Dzagble ule mfuko na vijiti vya ngoma. Fundo lilikuwa lilelile.  Aligeuka akaondoka.

Njiani basi likaharibika. Bila shaka! Walifika Koforidua zamu yao inaitwa. Kila mtoto akachomeka kipande chake, akapuliza mara mbili tatu kujua kama ala inaamka, na tayari wako jukwaani. Ukumbi umejaa. Nafasi ya mwongozaji iko wazi. Dzagble akahesabu.

Madam Odoley anasema alifumba macho, akitarajia aibu. Hakuna aibu iliyotokea. Kiwimbo kile cha kenkey kilitoka kimenyooka, tarumbeta zinaongea na tromboni zinajibu, na watoto wenyewe wakashtuka, maana ndiyo mara ya kwanza wanajisikia. Martei aliniambia, "Auntie, sikujua tuna sauti nzuri namna ile. Nusura niache kupiga ili nisikilize." Watu wa Koforidua wakaanza kupiga makofi kwa mapigo.

Wimbo ukapanda mara ya kwanza. Ukapanda mara ya pili.

Bendi ikanyamaza.

Wote. Kwa pamoja. Tarumbeta ziko midomoni, vijiti viko juu. Ukumbi ukashangaa. Kicheko kikatoka nyuma, mtu akapiga kelele, "Betri imekwisha!" Jaji mmoja akaandika kitu. Madam Odoley alikuwa amesimama, mikono kichwani. Watoto hawakutikisika. Walikuwa wanatazama pale mbele, penye nafasi wazi, juu kidogo, usawa wa mkono wa mtu.

Halafu, bila Dzagble kuhesabu, bila yeyote kumpa mwenzake ishara, wakashusha pumzi na kuendelea, wote pamoja, mpaka mwisho.

Hawakupata kombe. Walikuwa wa nne. Jaji alisema ni bendi nzuri sana, inasikitisha tu kwamba ilikatika katikati, na kimya kile hakimo kwenye karatasi. Na alisema kweli, hakimo.

Wakapanda basi kurudi. Kisha Dzagble akasimama katikati ya viti. "Nani alisimama kwanza?" Akapita kiti hadi kiti. "Nauliza. Nani aliacha kupiga kwanza?" Kila mmoja akamtazama mwenzake. Martei, yule anayejua kwamba anajua, akaanza kulia. "Mimi nilikuwa namngoja Ataa amalize kukohoa," akasema.

"Na mimi," akasema wa tromboni.

"Na mimi."

Walilia basi zima, mpaka dereva akaegesha pembeni akawaacha walie. Walipokaribia Teshie wakashusha sauti wenyewe. Hakuna aliyewaambia. Mji ulikuwa bado umenyamaza.

Mwezi wa mtama umekwisha. Ngoma zimefunguliwa, mmezisikia. Juma lililopita Tsotsoo alimpelekea mama yake simu yenye sauti ya siku ile ya Koforidua, iliyorekodiwa pale ukumbini. Awo Korkoi alikuwa hajataka kuisikia. Alikuwa anasema, "Yeye hakuisikia kwa sababu yangu, mimi nitaisikilizaje?" Tsotsoo akamwambia, "Mama, baba mwenyewe alikukataza kutoa mfuko." Akajibu, "Alinikataza kwa sababu alikuwa ananijua."

Lakini akakubali. Wakakaa uani, mama na binti. Wimbo ukaanza. Awo Korkoi alikuwa anamenya mihogo, akaacha kisu. Mama mkwe wake alikuwa akiuguna wimbo ule pale pale uani, anaujua. Ukapanda mara ya kwanza. Ukapanda mara ya pili. Kikaja kimya.

Awo Korkoi akainuka. Tsotsoo anasema hata hakusita. Aliinuka kama anavyoinuka mtu aliyeitwa, akaenda kwenye mtungi, akachota maji kwenye kikombe, akatembea nacho hadi mlango wa chumbani, akasukuma pazia. Nyuma yake wimbo ukaendelea.

Ndipo alipolia. Kwa sauti. Kile kilio alichokuwa amekiuma tangu Ijumaa ile, kikavuka barabara tatu, na majirani wakaja mbio wakidhani kuna msiba mpya.

Madam Odoley alikwenda juzi kumuuliza kuhusu Jumamosi. Watoto watampigia Ataa wao mpaka makaburini, kwa sauti yote, na wimbo ni uleule. Akamwambia, "Awo, nimewafundisha waunganishe pale palipokatika, lakini wamejaribu mara nyingi, bado wanasimama. Niwakazanie?"

Awo Korkoi akamwambia, "Mwacheni akohoe."

Wasikilizaji wapendwa, kwa niaba ya kituo hiki na kwa niaba yangu mimi niliyenyang'anywa klarineti, tunawapa pole Awo Korkoi na Tsotsoo, na ukoo mzima wa Laweh. Pole kwa Madam Odoley na walimu wa Nyuma ya Soko. Pole kwa Dzagble na Martei na kila mtoto wa bendi ile. Hamkukosea pale jukwaani. Mlifundishwa vizuri, na mlijifunza kila kitu.

Na wewe unayenisikiliza, nina ombi moja. Hapo ulipo kuna mtu. Labda anaburuta kandambili. Labda anakoroma, anakohoa, anahesabu sarafu kwa sauti na kukuudhi. Usimwambie anyamaze leo. Msikilize tu, ujue ana sauti gani.

Jumamosi tukutane nyumbani kwa marehemu, saa tatu asubuhi. Njooni na vitambaa vya kulilia, safari hii mtavitumia kufutia machozi.

Sasa nawawekea bendi ya shule ya Nyuma ya Soko, wimbo wa mama yake Ataa Okpoti, kama ulivyopigwa Koforidua. Hatujakata kitu. Katikati mtasikia kimya. Msiguse redio zenu. Hazijaharibika.